Kumfuata Behula hadi Gosaba

Ofisi za vikundi vya jatra, maigizo ya kuimba ya Wabengali, ziko barabara ya Chitpur, kaskazini mwa Kolkata, India. Lakini mchezo wa Manasa, mungu wa kike wa nyoka, ufuate Sundarbans, eneo la mikoko na mito kusini mwa jiji, ambako nyoka bado wanauma watu mashambani na wimbo wa Behula, mjane wa kisa hicho, unawagusa kweli.

Tulipanda treni ya Canning pale stesheni ya Sealdah, Kolkata, upande wa kusini, mwendo wa kilomita 45 hivi. Kutoka Canning ni gari la kuchangia hadi Godkhali, halafu unavuka mto kwa boti hadi Gosaba. Msimu wa jatra huanza na Durga Puja, sikukuu ya mungu wa kike Durga, Septemba au Oktoba, ukaisha kabla ya mvua za Juni. Desemba na Januari ukungu husumbua boti, na mchezo huisha usiku mwingi, kwa hiyo tafuta pa kulala Gosaba kabla giza halijaingia. Chukua na shuka zito.

Jukwaa ni mraba wa mita 5 hivi, halina pazia. Watu huketi chini kulizunguka. Wapigaji hukaa pande mbili wakitazamana: harmonia, ngoma ya dholak, filimbi, matoazi. Ukikaa jirani na ngoma, maneno yanakupotea. Kaa karibu na njia wanayopita waigizaji. Maikrofoni zinaning'inia juu, na mwigizaji akijisahau akasogea ukingoni, sauti inakatika katikati ya ubeti.

Kisa chenyewe ni hiki: Chand, tajiri wa merikebu, anakataa kumwabudu Manasa. Wanawe sita wanakufa. Wa saba, Lakhindar, anajengewa chumba cha chuma kwa usiku wa harusi, ila mjenzi, kwa kumwogopa Manasa, ameacha tundu dogo. Nyoka anapitia hapo. Mkewe, Behula, anasafiri mtoni na maiti juu ya chelezo cha migomba, hadi anacheza mbele ya miungu na mumewe anafufuliwa.

Jukwaani Gosaba, chelezo chenyewe hakikuwepo. Behula aliketi sakafuni, kichwa cha mumewe mapajani, akayumba taratibu huku dholak ikipunguza mwendo. Kina mama wa mbele walijifuta machozi.

Mwisho ndio mgumu kuigiza. Chand anakubali kumtolea Manasa ua la ibada, lakini kwa mkono wa kushoto, akiwa amempa mgongo. Kwa kuwa jukwaa liko wazi, anayegeuka lazima akutane na macho ya watu. Chand wa Gosaba hakuinamisha uso: aliwakazia macho wanaume waliosimama nyuma, akarusha ua, nao wakampigia makofi.