Usiku baba alipooka

Jumamosi iliyopita nilikuwa naoka mafini za limau, zile zangu za kila siku, na binti yangu wa mwisho kakaa pembeni anaramba sukari kidoleni. Akauliza, "Mama, nani alikufundisha?" Nikajibu bila kufikiri: babu yako. Akacheka. Babu aliyemjua yeye ni yule wa kwenye kiti cha kamba, aliyekuwa akiletewa chai na kurudisha kikombe na "asante, mama." Hakuwahi kumwona ameshika mwiko. Mimi mwenyewe, nyumbani kwetu, nilimwona mara moja tu.

Ilikuwa 2006, mwaka wa mgao. Mliokuwepo mnakumbuka: mvua zilikata, maji ya bwawa la Mtera yakashuka, na nchi nzima ikawa inapokezana umeme kwa zamu. Tabora nasi tulikuwa na zamu zetu za giza. Mama alikuwa Urambo kwenye msiba wa dada yake. Baba alikuwa likizo. Mdogo wangu, kitinda mimba wetu, ndiyo kwanza katoka wodini baada ya malaria kali, ametundikiwa dripu za kwinini mpaka mkono ukavimba.

Aliyewahi kupewa kwinini hahitaji kuelezwa. Masikio yanavuma, na mdomo unakuwa mchungu hadi maji ya kunywa yanakuwa machungu. Uji aliutema. Wali aligeuzia uso ukutani. Chungwa nililomenyea alilishika tu mkononi mpaka likakauka. Jirani yetu mmoja muuguzi alipita jioni, akambonyeza tumbo, akamvuta kope, kisha akamwambia baba pale mlangoni: "Dawa imeshafanya kazi yake. Iliyobaki ni kula. Asipokula mtamrudisha." Baba akasema, "Nimekusikia, mama," akarudi kukaa barazani na mikono yake magotini.

Baba alikuwa mpishi wa behewa la chakula, reli ya kati. Zaidi ya kilometa 1,200 kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma alikuwa akilisha watu, kwenda na kurudi. Treni ikifika Tabora ilikuwa ikisimama muda mrefu, kwa sababu hapo ndipo mabehewa ya Mwanza yalipokuwa yanakatwa na ya Kigoma kuendelea. Sisi watoto wa kota tulikuwa tunakimbilia stesheni. Wenzangu walikuwa wanaangalia kichwa cha treni kikihama njia; mimi nilisimama chini ya dirisha la jiko, kwenye harufu ya vitunguu vinavyokaangwa, nikisubiri mkono wa baba utoke na mkate uliofungwa kwenye gazeti. Watu waliosafiri walituhadithia mchuzi wake. Mwalimu wangu wa darasa la nne aliwahi kuniambia mbele ya darasa kwamba kuku wa baba yangu hajamla mahali pengine. Nilijivuna, ingawa huyo kuku mimi sikuwahi kumwonja.

Maana nyumbani baba hakupika. Hata maji ya chai hakuinjika. Mama akiugua aliitwa shangazi. Shangazi akikosekana nilipika mimi, nikiwa bado nasimama juu ya ndoo iliyogeuzwa ili nifikie sufuria. Hatukuona ajabu. Kina baba wote wa kota walikuwa hivyo.

Usiku ule umeme ulipokatika alisimama ghafla, akasema, "Mama, kachukue Blue Band ya kupima, mayai mawili, bekingi pauda na unga wa ngano nusu kilo. Na maziwa." Malimau hakuyataja kwa sababu yalikuwa ndani. Kila safari alishusha mfuko wa malimau ya Morogoro, yale yanayotoka milima ya Uluguru, yenye ganda nene lenye vinundu. Mama alikuwa akiyatumia kuoshea samaki na kukamulia kwenye chai ya mwenye mafua.

Niliporudi nilikuta ameshawasha jiko la mkaa, mikono ya shati kaikunja hadi juu ya viwiko. Alikuwa amechuchumaa na msumari na jiwe, anatoboatoboa mfuniko wa kopo la maziwa. Nikadhani anatengeneza kitu cha reli. Alipomaliza aliugeuza upande wenye meno, akaupitisha kidole taratibu, akaridhika. Hicho ndicho kilikuwa kikwaruzio chake.

Hapa ndipo huwa nakwama kila ninapokumbuka, na wala sitaki kuharakisha.

Chemli ilikuwa imewekwa sakafuni, kati ya baba na mkeka aliolalia mdogo wangu. Baba aliosha malimau, akayafuta kwa kitambaa mpaka yakakauka kabisa, kisha akaanza kukwaruza. Limau alilishika kwa ncha za vidole na kulizungusha kidogo kidogo kila baada ya mkwaruzo, asirudie mahali pamoja. Mimi nilikuwa nimemzoea baba wa mikono mizito, wa kubeba magunia na kugonga milango. Sikujua kwamba mikono hiyohiyo inaweza kushika kitu kwa wepesi namna ile. "Unaona njano hii?" akaniambia. "Ndiyo tunayoitaka. Ukiona nyeupe, simama. Nyeupe ni chungu, na huyu ana uchungu wa kumtosha."

Makwaruzo yakadondokea kwenye sinia lenye sukari. Akaweka chini limau, akaingiza vidole kwenye sukari, akaanza kuisugua. Hakukoroga, alisugua: dole gumba dhidi ya vidole viwili, bana, achia, bana, achia. Chenga za sukari zinapasua vifuko vidogo vya mafuta vilivyomo kwenye ganda, na mafuta hayo ndiyo yenye harufu. Maji ya limau yana ukali, lakini harufu yanayo kidogo mno. Hayo nimekuja kuyaelewa nikiwa mtu mzima. Usiku ule niliona tu sukari ikibadilika. Ilianza kulowa bila kutiwa maji, ikawa rangi ya njano hafifu, ikashikana vidoleni mwake. Na chumba kikajaa. Harufu ilifunika moshi wa mkaa, ikafunika mafuta ya taa, ikafunika ile harufu ya hospitali iliyokuwa imegandia kwenye shuka za mdogo wangu.

Mkeka ukalia. Mdogo wangu alikuwa amegeuka. "Nini hicho?"

Baba hakumjibu. Alichota sukari kwa ncha ya kidole, akamsogelea kwa magoti, akamwekea kwenye ulimi. Tukasubiri. Nilimwona akikunja uso kwa mazoea, kama alivyofanya kwa kila kitu tangu atoke wodini, halafu uso ukakunjuka. Akalamba midomo. Akafungua tena kinywa.

Yaliyofuata yalikwenda haraka. Maziwa aliyakamulia limau, yakakatika, nikapiga kelele kwamba yameharibika; akasema ndivyo yanavyotakiwa, kwa sababu maziwa yenye uchachu yanailainisha keki. Blue Band aliiyeyusha, akaipiga pamoja na mayai, maziwa na ile sukari. Unga na bekingi pauda alivichekecha pembeni. Alipomimina vya maji kwenye vikavu alipitisha mwiko mizunguko michache tu, akaacha mabonge mabonge. Nikataka kumalizia, akanishika mkono. "Ukikoroga sana unga unavutika, utatafuna mpira." Mpaka leo nikiona mtu anapiga unga wa mafini mpaka uwe laini namwambia maneno hayohayo.

Vikombe vya kuokea hatukuwa navyo. Mama alikuwa akiuza karanga kibarazani, na vipimo vyake vilikuwa vile vikopo vidogo vya nyanya ya kusaga. Baba alivikusanya vyote, akavipaka mafuta, akanyunyizia unga, akavijaza kupita nusu kidogo. Sufuria kubwa akaitandika mchanga chini, akaiacha ipate moto sawasawa, akapanga vikopo juu ya mchanga, akafunika kwa mfuniko wa bati na kupalia makaa juu yake. Chini aliacha makaa machache. "Moto mwingi ukae juu," alisema, "wa chini ni wa kusindikiza tu." Saa hakuwa anaiangalia. Alikuwa akipitisha kiganja juu ya mfuniko na kukiondoa, mara akapunguza kaa moja, mara akaongeza, mpaka akachomeka kijiti, kikatoka kikavu.

Zilikuwa zimepasuka juu, pembeni zina rangi ya kahawia, na zilitoka na mistari ya vile vikopo ubavuni. Mdogo wangu alikula moja yote na nusu ya pili, akalala na makombo shingoni. Sisemi keki ndiyo iliyomponya. Kwinini ndiyo iliyomponya, na waliomtundikia dripu. Lakini alikula, na asubuhi aliomba uji mwenyewe.

Mama alirudi kesho yake jioni, bado na kanga zake za msibani. Jambo la kwanza aliloliona ni vikopo vyake, vimeanikwa juu ya uchanja, vimekuwa vyeusi chini. "Nani kafanyia nini vipimo vyangu?" Nikamsimulia yote kwa pumzi moja. Baba alikuwa amekaa pale pale, anafunga kamba za viatu, akasema tu, "Mtoto alikuwa hali." Ilikuwa imebaki moja. Mama aliila akiwa amesimama, polepole, mpaka makombo ya kiganjani. Kisha akamtazama baba. Hakuwa amekasirika, ningeijua hasira yake. "Na mimi je, baba watoto? Miaka yote hii?"

Baba alimaliza kufunga viatu, akatoka kwenda kuangalia zamu yake ya safari. Hakupika tena nyumbani, hata alipokuja kuacha kazi na kukaa barazani mchana kutwa.

Nilimuuliza mara moja, nikiwa tayari na watoto. Akafikiri sana. "Kule niliajiriwa kupika," akasema. "Hapa kuna mwenye jiko." Nikaipokea kama heshima: kwamba jiko lilikuwa la mama, naye hakutaka kuingilia. Nilipomfikishia mama maneno hayo alitikisa kichwa. Yeye anaamini baba alichoka moto, kwamba mtu aliyesimama mbele ya jiko linalotikisika usiku na mchana hana hamu ya kusimama mbele ya lingine. Shangazi naye anasema ni macho ya watu wa kota, basi. Mimi siku nyingine nashika upande wa baba, siku nyingine namwonea mama uchungu mpaka nashindwa kumeza, nikikumbuka mgongo wake umeinama juu ya mkaa kila jioni, na mtu mwenye mikono ile yuko hatua tatu tu kutoka pale.

Mdogo wangu hakumbuki lolote. Anakumbuka dripu na paka wa wodini. Nimemwokea mafini hizi mara nyingi, anasema ni tamu, anauliza kama kuna chai.

Mimi naoka kwa jiko la gesi siku hizi, nyuzi 180, dakika ishirini na kitu. Unga vikombe viwili, sukari robo tatu ya kikombe, malimau mawili makubwa, na sukari lazima niisugue kwa vidole hata kama nina haraka. Ila kiasi cha sukari nilikuwa nakikisia, na swali la binti yangu lilinifanya nitake kujua kama ndivyo ilivyokuwa. Nikampigia mama simu Jumapili kumuuliza kama za baba zilikuwa tamu kuliko zangu.

"Jiulizeni mliokula zikiwa moto," akasema. "Mimi nilipata moja, na ilikuwa imeshalala."