Umeshamsalimia?

Mashua iliyopotea ilikuwa na urefu wa kidole cha kati. Mjomba wangu aliichonga Tanga, kwa kipande cha mwembe kilichobaki alipokuwa akitengeneza ngalawa ya kweli ya mvuvi mmoja wa Sahare. Akaitia mlingoti wa kijiti cha ufagio wa chelewa, tanga la kipande cha mfuko wa unga, na mirengu miwili, mmoja kila upande, iliyokazwa kwa uzi wa kushonea nyavu. Ubavuni aliandika jina kwa wino: Mgeni Njoo. Alinipa mwanzoni mwa 2017 nikiwa nafunga mizigo kurudi Hamburg, akasema hii ni ya kuweka dirishani.

Sikuiweka dirishani. Wakati huo nilikuwa nimenogewa na jiokashingi, mchezo wa kutafuta visanduku vilivyofichwa kwa msaada wa GPS. Ulianzia Marekani. Tarehe 2 Mei 2000 serikali ya huko iliacha kuvuruga kwa makusudi mawimbi ya GPS yanayowafikia raia, na kesho yake Dave Ulmer akaficha ndoo nyeusi porini karibu na Beavercreek, Oregon, akatangaza kwenye intaneti vipimo vya mahali ilipo. Ndani alitia vitabu, pesa kidogo, kopo la maharage na vikorokoro vingine. Sharti lake lilikuwa fupi: chukua kitu, acha kitu. Ninalitaja sharti hilo kwa sababu kisa changu chote kimetokana nalo.

Baadaye zikaja Travel Bug. Ni kibati kama kile askari wa Marekani wanachovaa shingoni, kimechongwa namba ya siri. Unakifunga kwenye kitu chochote upendacho, unakiandikisha kwa jina lako, unaeleza kinataka kufika wapi, kisha unakitia kisandukuni. Hiki hakifuati lile sharti la ndoo. Anayekikuta hakibadilishi na kitu. Anakichukua ili akisogeze mbele hadi kisanduku kingine, na kila hatua anaiandika mtandaoni kwa ile namba. Desturi ni kukaa nacho wiki mbili hivi, na ukizidisha unamjulisha mwenyewe. Basi mwenyewe yuko nyumbani kwake, na kitu chake anakiona kinatembea kwenye ramani. Hukukitoa, na mkononi huna. Umekiazimisha kwa watu usiowajua, na nani anayejua watu wa pwani wanavyohangaika na vitu vya kuazimana kuliko sisi wenyewe.

Nilifunga kibati kwenye Mgeni Njoo, nikaandika kwamba inataka kurudi Tanga, nikaiacha kwenye kisanduku kando ya mto Elbe. Ikaenda Aarhus, Denmark. Ikaenda Utrecht. Mwisho wa Agosti 2018 mama mmoja Mholanzi akaileta Lüneburger Heide, mbuga iliyo kusini ya Hamburg, wakati ule vichaka vyake vimechanua maua ya zambarau. Akaipiga picha juu ya jiwe na maua nyuma yake, akaitia kwenye kisanduku si mbali na Wilsede. Ilikuwa imeshatembea karibu kilomita 1,200, na pamoja na safari zote hizo imerudi mlangoni kwangu. Nilifurahi hata hivyo.

Kisha ikanyamaza.

Mwezi Novemba mchezaji mmoja aliyefika pale aliandika kwamba ndani hamna msafiri yeyote, yaani kitu chenye kibati. Kwenye mtandao bado ilionekana imo. Maana yake kuna mtu ameichukua na hakuandika. Nikarudi nyuma kusoma maandishi ya waliopita kati ya Agosti na Novemba. Walikuwa watatu tu. Wajerumani wana kawaida ya kuandika walichokitia na walichokitoa, na wa pili kati ya hao, mtu ambaye alikuwa hajafikisha visanduku kumi tangu aanze mchezo, alikuwa ameandika wazi kabisa: Ndani, gari dogo. Nje, mashua.

Nilikaa jikoni nikaandika barua papo hapo. Umechukua mali yangu, kuna namba, kuna sheria, irudishe. Sikuipeleka kwa sababu simu iliita, alikuwa mama. Nikamwamkia, akaitikia, akasikia sauti yangu haiko sawa. Nikamweleza yote, na yeye alichouliza ni kimoja.

"Umeshamsalimia?"

"Mama, huyu simjui. Kachukua kitu changu."

"Mimi nimekuuliza, umeshamsalimia?"

Nilijua anakonipeleka. Nilipokuwa mdogo tulikuwa na mbuzi ya kukunia nazi, nzuri, meno yake makali, na jirani yetu wa nyumba ya pili alikuwa haishi kuiazima. Kila ikikawia, mimi ndiye niliyetumwa. Na mama alinifundisha namna ya kuifuata. Hodi kwanza. Shikamoo. Bibi hajambo miguu? Kuku wametotoa? Ukiambiwa ukae, unakaa. Neno mbuzi halitoki kinywani mwako. Utakaa mpaka bibi mwenyewe aseme, "Aa, mwanangu, na mbuzi yenu hii, chukua umpelekee mama." Nilirudi nayo kila mara. Siku moja nilifika nikasema moja kwa moja, mama anataka mbuzi yake, na bibi alinipa, lakini wiki nzima hakupita kwetu. Mama alinishika sikio kwa hilo. Alisema nimemfanya mtu mzima aonekane mwizi kwa kitu alichopewa kwa heshima. Maneno mema hutoa nyoka pangoni, aliniambia siku ile, na siku hii ya Novemba akanirudia tena kwenye simu, kutoka umbali wote ule.

Nikaifuta barua. Nikaandika nyingine kama vile naingia uani kwa yule bibi. Nilimwamkia kwa heshima zote za Kijerumani ninazozijua, nikamuulizia hali, nikamuulizia mbuga baada ya ukame wa kiangazi kile, nikamwambia nimeona kwamba amefika kwenye kisanduku cha Wilsede, na kwamba hapo ndipo mashua yangu iliyotoka Tanga ilipopumzika mara ya mwisho. Nikamtakia majira mema ya baridi.

Baada ya siku mbili akajibu. Jibu lilikuwa zuri. Alishukuru kwa salamu, akasema mbuga imeumia na ukame lakini itapona, kisanduku kile ni kizuri, njia yake haina tope, na mimi pia ananitakia majira mema. Neno la mashua halikuwemo.

Nililisoma mara nne. Mwanzo nilidhani ananikwepa. Halafu nikaelewa kwamba hakuna aliyemfundisha kusikia ambacho sikukisema. Bibi wa nyumba ya pili alijua kwa nini nimekaa uani kwake, tangu niliposema hodi. Huyu alipokea salamu akarudisha salamu, na kwa adabu za kwao alikuwa amemaliza. Ile adabu niliyofunzwa inafanya kazi kwa watu wawili wanaoijua, na hapa alikuwepo mmoja.

Rafiki yangu mmoja mchezaji alinishauri niachane nayo. Travel Bug huuzwa na vibati viwili vyenye namba ileile, kimoja cha kusafiri, kingine cha kubaki na mwenyewe. Funga cha pili kwenye kitu kingine, akasema, safari itaendelea. Kweli, namba ingeendelea. Mkono wa mjomba ningeutoa wapi?

Barua ya tatu ilinichukua jioni mbili, na mpaka leo ndiyo barua ninayoipenda kuliko zote nilizowahi kuandika kwa Kijerumani. Salamu niliziweka mstari mmoja. Kisha nikaeleza mashua yenyewe: mwembe, mfuko wa unga, maandishi ubavuni, kibati chenye mnyororo. Namba ya siri sikuiandika, maana hiyo ni yake aliyeishika aisome mwenyewe. Nikaeleza kwamba vitu vya namna hii havifuati ile desturi ya kubadilishana, na kwamba wachezaji wengi wapya hawajui, kwa sababu kisanduku hakimwambii mtu. Nikasema inawezekana mashua aliyoichukua yeye ni nyingine, na kama ni nyingine aniwie radhi. Ila kama ndiyo hii, ninaomba aitie katika kisanduku chochote kilicho karibu naye, na kama hana nafasi ya kutoka, nitamtumia bahasha yenye stempu. Hapo nikataja neno lenyewe bila kulizungusha. Naomba. Maneno yaliyotangulia yalikuwa ya kumwachia mlango wa kutokea, na neno hilo lilikuwa la kumwonyesha mlango ulipo.

Akajibu usiku uleule, na kwa maandishi marefu. Alikuwa babu. Alianza mchezo kiangazi kile kwa ajili ya mjukuu wake wa miaka saba, apate sababu ya kutembea. Mtoto aliikuta mashua, akaitazama sana, akatoa mfukoni gari lake dogo la zimamoto, akaliacha. Lilikuwa gari alilolipenda. Babu mwenyewe ndiye aliyemsomea sharti la mchezo: chukua kitu, acha kitu, na kisizidiwe thamani. Kibati walidhani ni cha kushikia funguo. Alikitoa, akakitundika na funguo za banda la baiskeli. Aliomba msamaha zaidi ya mara tatu. Niliona haya kuusoma msamaha huo, nikikumbuka ile barua ya kwanza niliyoifuta.

Mwishoni aliandika kwamba kuna jambo moja. Mashua ilianguka kutoka kitandani kwa mtoto wiki chache nyuma na mrengu mmoja ukavunjika. Mtoto ameutengeneza upya siku ileile aliposomewa barua yangu. Je, ninaweza kuwapa siku tatu, gundi ikauke?

Nikawapa, nikawaambia hata kumi. Nikamuuliza pia kama mtoto anataka ibaki kwake, kwani kwa kweli alikuwa ameilipia kwa gari la zimamoto. Babu alimuuliza. Jibu lilikuwa kwamba mashua inataka kwenda Tanga, imeandikwa hivyo, basi iende.

Waliipeleka kwenye kisanduku kikubwa kando ya barabara kuu ya A7, katika vile visanduku ambavyo wachezaji wanaviita hoteli za wasafiri, vinavyowekwa karibu na barabara kuu na viwanja vya ndege ili vitu visikae sana. Safari hii babu aliandika kila kitu mtandaoni, namba kaiingiza sawasawa. Haikumaliza wiki. Familia moja iliyokuwa ikielekea kusini kwa likizo ya Krismasi iliichukua hadi Austria.

Picha waliyoiweka ilipigwa kwenye theluji. Nikaikuza. Mrengu wa kulia ni ule wa mjomba, mwembamba, umeanza kuwa mweusi. Wa kushoto ni kijiti cha aiskrimu, kimekatwa kwa mkasi wa mtoto ncha moja ikawa kali na nyingine imebaki mviringo, na uzi wake ni wa sufu nyekundu, umezungushwa mara nyingi kuliko inavyohitajika, na gundi imemwagika mpaka kwenye herufi za jina. Mgeni Nj, ndivyo inavyosomeka sasa.

Nikamtumia mjomba picha kwa simu ya binamu yangu. Binamu anasema mzee aliishika simu mbali na macho, halafu karibu, halafu akaomba miwani. Akatazama muda mrefu.

"Upande wa kushoto kazidisha urefu," akasema. "Lakini kafunga vizuri. Itaelea."