Msimamizi mmoja hakunitosha

Mwaka wa pili wa uzamivu nilimnung'unikia msimamizi wangu kimoyomoyo kwa miezi mingi. Sura za tasnifu alizisoma kwa makini, kosa la takwimu halikumpita. Lakini kila nilipomuuliza habari za kutafuta nafasi ya uhadhiri, jibu lilikuwa lile lile: "Maliza kwanza kuandika." Nikaona amenitupa.

Aliyenifumbua macho ni profesa wa idara nyingine, mama aliyekaribia kustaafu. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, akanisogezea karatasi tupu. "Andika unachohitaji, mwanangu. Nani atakupa, tutaona baadaye." Nikaandika mambo tisa: mtu wa kunishauri makala iende jarida gani, wa kunipitia barua ya maombi, wa kunitaja kwenye vikao ambavyo mimi siingii, wa kumpigia simu siku makala ikikataliwa, na mengineyo. Kisha akataka niandike jina mbele ya kila jambo. Kote tisa niliandika jina la msimamizi. Mama wa watu hakusema neno, aliniacha niitazame ile karatasi.

Baadaye nilikuta kwamba Kathy Kram, aliyeandika juu ya ulezi wa kikazi mwaka 1985, aliugawa katika pande mbili: kumsukuma mtu mbele katika kazi, na kumtia moyo na kumjengea kujiamini. Alionyesha pia kuwa mtu huhitaji mahusiano kadhaa, wakiwemo wenzake wa rika. Mimi nilikuwa nadai yote kwa mtu mmoja.

Nikaanza kutafuta wengine, na mwanzoni nilikosea. Niliwaandikia watu watatu, "Naomba uwe mlezi wangu." Hakuna aliyejibu, na sasa naelewa: ombi lile halina mwanzo wala mwisho. Nilipobadili nikaomba dakika ishirini za kupitiwa ukurasa mmoja, milango ilifunguka. Mhadhiri mmoja kijana, aliyeajiriwa mwaka mmoja tu kabla, alikaa na barua yangu akiwa na penseli. Akakata aya nzima ya kwanza. "Umesoma wapi, wasifu umeshaniambia. Ulichogundua umekificha mstari wa kumi na moja. Kipandishe." Barua zangu zote zilizofuata zilianzia pale.

Kwa aliye mbali na watu wa fani yake, upo mpango wa AuthorAID ulioanzishwa mwaka 2007 na INASP, shirika la Uingereza la kusaidia utafiti katika nchi zinazoendelea, unaomuunganisha mtafiti wa nchi hizo na mlezi wa kumsaidia kuandika na kuchapisha, bila malipo.

Msimamizi naye nilibadili namna ya kumwendea. Wiki sita kabla ya tarehe ya mwisho ya maombi nilimwomba barua ya kunipendekeza, nikampelekea tangazo la kazi, wasifu, maelezo ya utafiti, na mambo matatu ambayo yeye ndiye aliyeyashuhudia kwa macho yake. Alinijibu siku ile ile. Nilimdhania vibaya muda wote ule: hakujua pa kuanzia, nami sikuwahi kumwonyesha.

Kilichonitoa jasho ni usaili wa majaribio. Wenzangu wanne na yule mama walikaa upande wa pili wa meza, mama akaniuliza, "Miaka mitano ijayo utatafiti nini ambacho si mali ya msimamizi wako?" Nikanyamaza. Nilikesha na swali hilo wiki mbili, nikipanga upya maelezo ya utafiti hadi nikapata mradi ninaoweza kuuita wangu. Kwenye usaili wenyewe liliulizwa, kwa maneno mengine. Nafasi nikaipata.

Sasa nina wanafunzi wawili wa uzamivu. Kikao cha kwanza nawapa karatasi tupu. Mmoja aliandika mambo kumi na moja. Tulikaa saa nzima, nikamwambia manne nitayabeba mimi, kisha tukaanza kutafuta majina ya watu wa yale saba.