Barabara ikija kwenu, ombeni ripoti kwanza

Anayetaka kujua ushirikishaji wa umma una uzito gani kisheria nchini Kenya aangalie Lamu, ingawa kesi yenyewe haikuwa ya barabara. Tarehe 26 Juni 2019, jopo la kitaifa la rufaa za mazingira lilifuta leseni ambayo NEMA, mamlaka ya kitaifa ya mazingira, ilikuwa imeutolea mradi wa umeme wa makaa ya mawe. Mikutano ilikuwa imefanyika, lakini kabla ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira haijawa tayari. Watu waliusikia mradi; athari zake hawakuwekewa mezani. Jopo halikuihesabu mikutano hiyo kuwa ushirikishaji wa kutosha.

Barabara nazo huangukia hapohapo. Chifu anaitisha baraza, mhandisi anaeleza lami itaanzia wapi na kuishia wapi, vijana wanauliza habari za vibarua, karatasi ya mahudhurio inazungushwa. Karatasi ile baadaye hubandikwa nyuma ya ripoti, ithibitishe kwamba mlishauriwa. Kusaini si kosa, ila hakikisheni pingamizi lenu limeandikwa kwenye kumbukumbu, tena kwa namba ya kilomita. Wahandisi husoma barabara hivi: 4+200, yaani mita 200 kupita kilomita ya nne. Ukisema "maji yatatuharibia mashamba" utaitikiwa kwa kichwa tu. Ukisema "kalvati ya 4+200 itamwaga maji kwenye chemchemi tunayochota", hapo pana la kujibiwa; kalvati ni bomba au mfereji wa kupitisha maji chini ya barabara.

Kanuni za tathmini za mwaka 2003 zinadai mabango katika eneo la mradi, tangazo gazetini wiki mbili mfululizo, tangazo la redio kwa lugha rasmi na za wenyeji, na mikutano isiyopungua mitatu na waathiriwa. Taarifa ya mkutano itangulie kwa wiki moja angalau, na saa na mahali pawafae wenyeji. Baraza la saa nne asubuhi siku ya soko halimfai mtu.

Ripoti huwa nene, na kwa Kiingereza. Anzeni na maji. Tuta la barabara likiinuliwa huwa bwawa: maji yaliyokuwa yakisambaa bondeni sasa yanakusanywa na kupitishwa kwenye tundu moja, yanatoka kwa kasi na kuchimba korongo shambani mwa jirani wa chini. Ulizeni kalvati ni ngapi, ziko wapi, na mdomoni pa kutokea pamejengwa mawe ya kuvunja kasi au hapana. Bomba la kipenyo cha sentimita 60 huziba upesi kwa mchanga na taka, na mtu hawezi kuingia kulisafisha. La 90 ni afadhali.

Halafu machimbo ya moramu, ule udongo wa changarawe wa kujengea barabara. Nani amekubaliana na mwenye shamba, na kwa maandishi? Udongo wa juu utatengwa urudishwe, au utafukiwa pamoja na kifusi? Shimo likiachwa wazi mvua hulijaza. Mbu huzaliana humo na watoto hugeuza kuwa dimbwi la kuogelea. Ulizeni pia maji ya kumwagia vumbi yatatoka wapi, maana gari la maji likinyonya kisima cha kijiji wakati wa kiangazi, ugomvi hauko mbali.

Jedwali la mpango wa usimamizi wa mazingira ndilo la kukaguliwa kwa kalamu mkononi. Kila hatua iwe na mhusika, muda na gharama. Palipoandikwa "mkandarasi atahakikisha" bila shilingi hata moja, tilieni shaka. Mkandarasi hulipwa kwa yaliyomo kwenye BQ, yaani orodha ya kazi na bei zake katika mkataba. Kupanda nyasi kwenye kingo kusipokuwa na mstari wake humo, hakupandwi, na msimamizi hana cha kumkata.

Maoni ya maandishi yapelekwe NEMA kabla ya siku iliyotajwa kwenye tangazo, na nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa. Leseni ikitolewa na hamkuridhika, jopo la rufaa lina mlango wa siku 60. Muhuri ule ndio mtakaoulizwa kwanza.