Kimondo kinachosikiliza majina

Juzi mtoto wa kaka karudi shule, hata begi hajatua, ananiambia Shangazi unajua kile kimondo cha Mbozi, lile bonge la chuma lililoanguka toka angani, ukifika lazima ujitambulishe? Nikamuuliza lazima kivipi. Akasema ndo hivo, unaweka mkono unataja jina lako, maana kinasikiliza, kuna mwenzake darasani bibi yake anakaa Ndolezi, kijiji chenye hicho kimondo, na huko wazee wanasema tangu zamani za kale utaratibu ni huo.

Tangu zamani za kale! Nikakaa kimya kwanza, afu nikaandika kwenye grupu letu la wapenzi wa sai-fai, zile hadithi za kubuni za sayansi na wakati ujao. Mwalimu akajibu hapohapo, neno moja tu: "Niliwaambia."

Maana hiyo habari mi najua imezaliwa siku gani na kaizaa nani, nilikuwa nimesimama hatua chache pembeni yake.

Ni ile wikiendi yetu ya sai-fai, nyumbani kwa Kapteni, mwenzetu wa grupu, Forest ya Zamani hapa Mbeya. Jumamosi sitaisimulia sana, wengi wenu mlikuwepo na picha mliziona. Baridi ya Juni ya Mbeya mnaijua, watu wameangalia filamu ukutani wamejifunika mablanketi, viazi vimeliwa, chai ya tangawizi imechemshwa sufuria kwa sufuria, na mavazi yalikuwa mazuri kweli, lile suti la anga la kitenge lililoshonwa Mwanjelwa mpaka leo natamani ningekuwa nalo. Kapteni akatupa historia, kwamba mkutano wa kwanza wa dunia wa mashabiki wa hizi hadithi ulifanyika New York, Julai 1939, walikuja watu kama 200, na kati yao wawili walivaa mavazi ya wakati ujao, Forrest Ackerman na Myrtle Douglas, na mama huyo Myrtle ndiye aliyeyashona yote mawili kwa mikono yake. Watu wawili kati ya 200, afu leo hayo mavazi yako kila mkutano duniani. Nilifurahi mno kusikia kwamba mwanzo wake ni mtu na sindano.

Usiku ndo ukaanza ule ubishi. Mwalimu anafundisha fizikia, msimamo wake haujawahi kubadilika, kwamba hadithi ya kisayansi isiyoheshimu sayansi ni udanganyifu, ukitaka kuvunja kanuni ya maumbile vunja, ila useme umeivunja wapi na kwa nini. Binti, alikuwa kidato cha nne kipindi hicho, mdogo kuliko wote pale, akamwambia shikamoo kwanza Mwalimu, akasema yeye anaona hadithi haiombi ruhusa. Tukalala hatujaafikiana.

Jumapili asubuhi na mapema tukapanda basi la Costa, Mbalizi, Songwe, malori ya Tunduma yamejipanga barabarani kama siku zote, tukakata kushoto kwenye vumbi na mashamba ya kahawa. Tulichagua kwenda wiki moja kabla ya tarehe 30 Juni kwa sababu tarehe yenyewe ni Siku ya Vimondo Duniani na watu wanakuwa wengi. Mwalimu njiani kaeleza kwa nini tarehe hiyo, kwamba 30 Juni 1908 kitu kutoka angani kililipuka juu ya Tunguska kule Siberia kikalaza msitu wa zaidi ya kilomita za mraba 2,000, na bado hakikuacha hata shimo. Akieleza mambo haya anakuwa mtu mwingine, sauti inapanda, mikono inatembea, unatamani angekufundisha wewe.

Tumefika, ukungu bado haujaisha. Ambao hamjafika niwaambie tu, picha hazisemi ukweli. Picha inakuonyesha jiwe jeusi jeusi limewekwa juu ya saruji. Ukisimama pale ni chuma, bonge la chuma la kama mita 3 urefu, uzito wengine wanataja tani 12, wengine 16, karibu asilimia 90 ni chuma na kinachobaki kingi ni nikeli, na ukiweka kiganja asubuhi ya Juni baridi inapanda mpaka kiwikoni. Kuna sehemu unaona kabisa watu walikikata kuchukua vipande. Mwalimu akatuonyesha mahali ambapo udongo wa kilima ulichimbwa kukizunguka mpaka kikabaki juu ya nguzo ya udongo, afu ndo chini ikajengewa saruji. Wageni waliandika habari zake mwaka 1930, ila wenyeji walikuwa wanakijua toka enzi.

Halafu akasema kitu ambacho nadhani yeye mwenyewe alikisema kwa nia ya sayansi tu. Akasema hakuna shimo la kutua linaloonekana, na wenyeji hawana simulizi yoyote ya siku kilipoanguka, wala babu wala bibi, kwa hiyo kilianguka zamani mno, maelfu ya miaka, kabla ya kumbukumbu ya mtu.

Binti akauliza, "Kwa hiyo nafasi iko wazi?"

"Nafasi ya nini?"

Hakumjibu. Akatoa daftari kwenye koti.

Watoto wa kijijini walikuwa wameshatusogelea, kumi na kitu hivi, wamevaa nguo za Jumapili, wanashangaa lile suti la kitenge. Binti akapanda kwenye ngazi, akasema kwa nguvu, "Hadithi hadithi!" Na wale watoto hawakusubiri waambiwe, wakaitika kwa pamoja, "Hadithi njoo! Uongo njoo! Utamu kolea!" Mi mwili ulinisisimka. Tangu jana yake tunaangalia vyombo vya anga vya watu, afu mlango wa kuingilia ukawa huu, wa bibi zetu, na uliwafungukia wote bila kuusukuma.

Akasoma. Palikuwa na msichana aliyetoka kutafuta uyoga, akaona usiku mwezi wa pili, mwekundu, unakuja. Chuma kikaanguka, kikawa cha moto, akasubiri kipoe. Kilipopoa akakigusa, na kikamuuliza, wewe unaitwa nani? Akasema jina lake. Kikauliza na ule mlima? Na hicho ulichobeba? Na anayekungoja nyumbani? Kumbe kimetumwa kutoka mbali kukusanya majina, kinayasikia kinayapeleka kule kilikotoka, na kule kuna mtu anayaandika, na siku majina yatakapotosha ndo watajua hii dunia ina wenyewe, haichukuliki. Msichana akazeeka anakitajia majina. Alipokufa hakukuwa na wa kuendelea. Basi kikanyamaza, lakini hakijaacha kusikiliza.

Hapo Binti akafunga daftari, na nilijua hadithi haijaisha maana niliona kurasa zingine zimeandikwa. Sijui kwa nini alikatia pale. Kimya. Afu katoto kamoja ka kike, kana gauni la njano na sweta kubwa la mtu mwingine, kakatoka kwenye kundi kakapanda ngazi, kakaweka viganja vyote viwili kwenye chuma, kakasogeza mdomo karibu, kakataja jina lake. La kwanza, la baba, na la babu. Hakakunong'ona, kalitamka sawasawa, kama kanaandikishwa shule. Kaliposhuka akapanda mwingine. Afu wakapanga mstari, hakuna aliyewapanga. Mmoja akataja jina lake akashuka, akakumbuka, akarudi kumtajia mdogo wake aliyebaki nyumbani anaumwa. Mwingine akataja ng'ombe. Yule kaka anayetembeza wageni naye akaenda, huku anatuangalia. Kapteni akaenda. Mi nikaenda, nikataja la kwangu nikataja na la mama, Mungu amrehemu, na nilikaa pale zaidi ya walionitangulia, mkono umekufa ganzi na sitaki kuutoa.

Wa mwisho kabisa alikuwa Mwalimu. Alizunguka upande wa pili ambako watoto hawamwoni. Midomo ilicheza. Aliyataja mangapi na ya nani sikuuliza.

Kurudi, kwenye Costa, kafika Mlowo hajasema neno. Afu kaanza, taratibu, kwamba hadithi ni nzuri, hana neno na uandishi, ila pale si sebuleni kwa Kapteni. Pale ni mahali ambapo jambo la kweli lilitokea na watu wana bahati ya kuligusa, na wale watoto kesho kutwa watawasimulia wageni kwamba wazee walisema. Binti akamwambia Mwalimu, lakini wenyewe waliita uongo njoo, kwa vinywa vyao, walijua. Mwalimu akasema mwanangu, ile itiko itadondoka njiani, hadithi itafika bila itiko.

Na kweli imefika bila itiko, na miaka yenyewe haijawa mingi.

Mimi nimewaza toka juzi. Mwalimu ana haki, nalisema hili kwa moyo mweupe, tumeweka maneno kwenye vinywa vya wazee ambao hawakuyasema, na kutokuwepo kwa simulizi ilikuwa ni ushahidi, ilikuwa inatuambia kitu kuhusu muda, na sasa mtu akija kuuliza ataipata. Hilo linaniuma. Halafu nakumbuka yule mtoto akirudi kumtajia mdogo wake na siwezi kusema ningependa isingetokea. Siwezi.

Mwaka huu wengi wanataka twende Iringa, tukamalizie Isimila kwenye zile zana za mawe na nguzo za udongo. Binti kasema hadithi anayo. Mwalimu kakubali kuja kwa sharti kwamba akimaliza kusoma, naye apewe muda palepale, mbele ya watu walewale, aseme nini kimethibitishwa na nini hakijathibitishwa. Binti kasema hakuna shida, ila naye aanze kwa kuwaitisha, hadithi hadithi, ndo watu wamsikilize mpaka mwisho. Hapo ndo tulipokwama, na nafasi kwenye Costa zinaendelea kujaa.