Kabla ya jezi, mtoto ajue kuelea na kuanguka

Mzazi anayeuliza mtoto wake acheze mchezo gani mara nyingi huwa na jibu tayari moyoni: mchezo alioucheza yeye, au ule anaoona una fedha ndani yake. Ningemwomba auweke kando kwanza, ajiulize hivi: mtoto huyu akifikisha miaka 12, mwili wake uwe umejua kufanya nini? Swali hilo likijibiwa, michezo inajipanga yenyewe. Kwangu mimi, aelee majini, ajue kuanguka na kutua, arushe na kudaka. Baada ya hapo aingie timu, na timu zenyewe zisiwe za mchezo mmoja.

Kuogelea ni mchezo wa kwanza ambao sitamwachia mtoto hiari. Asiyejua kupiga mpira atakosa raha ya mpira; asiyejua maji anaweza kupoteza maisha alasiri moja. Madaktari wa watoto wa Marekani wanasema masomo ya kuogelea yanaweza kupunguza hatari ya kuzama kuanzia umri wa mwaka 1, ingawa watoto wengi huwa tayari kufuata mafunzo kamili wakikaribia miaka 4. Kipimo cha kujua kama anaweza kujiokoa si idadi ya mitindo anayoijua. Msalaba Mwekundu wa Marekani hupima mambo matano yakifuatana: aingie maji yanayompita kimo na kurudi juu, aelee, au ajishikilie wima juu ya maji, kwa dakika 1, ageuke duara zima na kuona pa kutokea, aende kama mita 23 hadi hapo, kisha atoke majini bila ngazi. Hilo la mwisho hudharauliwa sana. Kuna watoto wanaoogelea vizuri ila wamezoea ngazi, na ukuta wa bwawa unawashinda.

Mwalimu mzuri huchelewa kugusa mikono ya mtoto. Anaanza na pumzi: mtoto atoe hewa ndani ya maji kwa mdomo na pua, mapovu yaonekane, mpaka uso majini usimtishe tena. Kisha alale kifudifudi na kuteleza kutoka ukutani, uso ukitazama chini. Kisha aelee chali, masikio ndani ya maji, kitovu kikiwa juu. Miguu hufuata, mikono baadaye, na kuunganisha vyote na pumzi huja mwisho. Mwalimu akikimbilia mikono, kosa linalofuata ni lile lile kila mara: mtoto anainua kichwa mbele ili avute hewa, kiuno kinashuka, miguu inazama, na ndani ya mita 5 amechoka. Dawa yake ni kugeuza kichwa pembeni, sikio moja libaki majini. Na akizuia pumzi badala ya kuitoa chini ya maji, akigeuka anahitaji kutoa na kuvuta kwa nafasi moja fupi. Hapo ndipo anapokunywa maji. Miguu nayo ipigwe kutoka nyongani, goti likilegea kidogo. Anayekunja goti kama anaendesha baiskeli anapiga povu jingi na haendi popote.

Vibofu vya kujazwa upepo vya mikononi sivipendi hata kidogo. Vinamsimamisha mtoto wima, na wima ndiyo hali ya mtu anayezama. Pia vinamwaminisha kwamba anaweza, kisha siku moja anaruka bila navyo. Akishajua kuogelea, mpe somo moja akiwa amevaa nguo za kawaida, kwa sababu watu wengi huangukia majini wakiwa wamevaa. Na ujuzi wote huo hauondoi macho yako: mtoto mdogo awe karibu kiasi cha kufikiwa na mkono wako. Anayezama mara nyingi hapigi kelele wala hapungi mkono. Mdomo unazama na kuibuka, mikono inasukuma maji pembeni, na yote yanaisha kimya kimya.

Kuna jambo moja ambalo kuogelea hakulifanyi, na baiskeli vilevile: kuimarisha mfupa. Mfupa hujijenga unapobeba uzito na kupigwa mishtuko midogo ya kuruka na kukimbia, na maji hubeba uzito huo. Shirika la Afya Duniani linataka mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 za kutoka jasho kila siku, na angalau siku 3 za wiki ziwe na mazoezi ya nguvu pamoja na ya kukaza misuli na mifupa. Kwa hiyo muogeleaji wako anahitaji pia mchezo wa kurukaruka. Kamba inatosha. Ipime hivi: akanyage katikati yake kwa mguu mmoja, ncha zifike kwapani. Ikizidi hapo inakokota na kumnasa; ikipungua anajikunja kila mruko. Aruke sentimita 2 au 3 tu kutoka ardhini, viganja vizunguke na si mkono mzima.

Mchezo wa pili nisioweza kuuacha ni ule unaofundisha kuanguka. Judo na jimnastiki ndiyo mahali pake, na hata mwaka mmoja tu wa utotoni hubaki mwilini. Angalia mtoto asiyefundishwa akianguka kinyumenyume: ananyoosha mkono nyuma ili ajizuie, na uzito wote unaishia kwenye kifundo cha mkono au kiwiko. Katika judo anafundishwa kuupinga msukumo huo. Kidevu kifuani, kama anayetazama fundo la mkanda wake. Mgongo uwe duara. Mikono yote miwili ipige mkeka kwa wakati mmoja, viganja chini, ikiwa imeachana kidogo na mwili. Ikipanda usawa wa mabega, mshtuko unahamia begani. Anaanza akiwa amelala, kisha ameketi, kisha amechuchumaa, mwisho kabisa amesimama. Anayesimamishwa siku ya kwanza atajifunza woga tu. Kwenye jimnastiki chunguza pindu la mbele: mikono iguse chini, kidevu kiingie ndani, na kinachofuata kugusa mkeka kiwe kisogo na mgongo wa juu. Utosi ukibeba uzito, shingo ndiyo inayolipa, basi mwalimu asiyelisahihisha hilo mara moja mwache.

Kutua nako kunafundishika, hata nyumbani. Chukua kitu imara chenye kimo cha sentimita 30 hivi. Mtoto ashuke kwa kuruka, aanze na sehemu ya mbele ya unyayo, kisigino kifuate, magoti yakunjike, kisha akae hivyo hivyo akihesabu hadi 3. Simama mbele yake utazame magoti. Yakielekea vidole vya miguu ni sawa. Yakiingiana ndani kama yanataka kugusana, hapo pana kazi. Halafu sikiliza: kutua kuzuri hakuna kishindo. Mara 8 hadi 10, siku 3 kwa wiki, vinatosha. Wenye wasichana walifanyie kazi hili kabla ya miaka 12 au 13, kwa sababu wakishabalehe hatari ya kukata kano ya katikati ya goti inakuwa kubwa kwao kuliko kwa wavulana, hasa kwenye mpira wa kikapu, wa pete na wa miguu, na goti linaloingia ndani wakati wa kutua ni sehemu ya sababu.

Kwa kurusha na kudaka, anza na puto. Mtoto wa miaka 4 hudaka kwa kukumbatia kifuani, na ukimrushia mpira mgumu atafumba macho, halafu woga huo utamfuata miaka mingi. Puto linampa muda. Likizoeleka, mpira laini wa kipenyo cha sentimita 20; ukizoeleka, wa tenisi. Katika kurusha, kosa la kawaida ni kutanguliza mguu wa upande ule ule wa mkono unaorusha. Chora alama chini, umwambie aikanyage kwa mguu wa upande wa pili kila anaporusha. Hakuna haja ya maelezo zaidi. Kiuno kitazunguka chenyewe.

Vifaa vya watu wazima huharibu mkono na mguu wa mtoto kuliko mazoezi machache. Mpira wa miguu namba 3 ni wa walio chini ya miaka 8, namba 4 ni wa miaka 8 hadi 12, namba 5 unafuata. Kwenye kikapu goli la watu wazima lina urefu wa mita 3.05, la watoto ni mita 2.60, na mpira wao ni namba 5. Mpe mtoto wa miaka 8 goli refu na mpira mzito, naye atarusha kutoka kiunoni kwa mikono miwili huku akijipinda, kwa kuwa hana njia nyingine. Baadaye atakuwa na nguvu, lakini mtindo ule atakuwa ameuzoea.

Sasa timu. Usiulize ina makombe mangapi. Nenda mazoezini, kaa pembeni dakika 20, uhesabu ni mara ngapi mtoto mmoja anaugusa mpira. Watoto wa miaka 7 wakichezeshwa 11 kwa 11, wengi wao hukimbia wakiufuata kundi zima na kurudi nyumbani bila kuugusa. 4 kwa 4 kwenye kiwanja kidogo, kila mmoja analazimika kupiga chenga, kupasi na kukaba. Tazama pia foleni: kocha anayepanga watoto 8 nyuma ya koni wasubiri zamu anafundisha kusubiri. Uliza kuhusu vichwa. Marekani ilipiga marufuku kupiga mpira kwa kichwa kwa watoto wa miaka 10 kushuka chini mwaka 2015, na mwaka 2020 Uingereza ikaondoa vichwa katika mazoezi ya watoto wa umri wa shule ya msingi. Kocha asiye na msimamo juu ya hilo anipe sababu. Na mtoto akigongwa kichwa kisha akachanganyikiwa, akaumwa kichwa, akatapika au akasahau kilichotokea, siku hiyo harudi uwanjani hata akilia. Amwone daktari, na kurudi kwake kuwe kwa hatua, kila hatua ichukue si chini ya saa 24. Kwa sababu hiyo hiyo ndondi kwa mtoto siiungi mkono. Lengo la mchezo haliwezi kuwa kichwa cha mtoto.

Presha kubwa huja kati ya miaka 9 na 12, mtoto anapoonekana ana kipaji na kocha anamtaka mwaka mzima. Hapa nasimama imara. Madaktari wa watoto wa Marekani wanashauri kubobea katika mchezo mmoja kusubiri hadi miaka 15 au 16. Mtoto apumzike siku 1 au 2 kila wiki. Na kwa mwaka aache mchezo wake mkuu kwa miezi 3, mwezi mmoja mmoja. Kipimo rahisi cha wiki ni umri wake: mtoto wa miaka 10 asizidishe saa 10 za mazoezi na mechi kwa jumla. Jimnastiki ya mashindano huanza kubobea mapema zaidi, na ndiyo maana wa huko ahitaji jicho kali zaidi.

Sababu iko kwenye mfupa. Karibu na ncha za mifupa ya mtoto kuna gegedu la ukuaji, laini kuliko mfupa wenyewe na kano zinazouvuta. Mvuto wa aina moja, kila siku, hulichokoza. Maumivu ya nyuma ya kisigino, hasa kati ya miaka 8 na 13, mara nyingi ni ugonjwa wa Sever. Uvimbe unaouma chini kidogo ya pia ya goti, kati ya miaka 10 na 15, mara nyingi ni Osgood-Schlatter. Vyote hupoa mtu akipunguza kuruka na kukimbia kwa wiki kadhaa, na vyote hurefuka akiambiwa ajikaze. Maumivu yanayomfanya achechemee, yanayomwamsha usiku au yenye uvimbe kwenye kiungo ni ya daktari moja kwa moja.

Kumbuka pia tarehe ya kuzaliwa. Makundi ya umri yakikatwa Januari 1, wa Januari anashindana na wa Desemba aliye mdogo kwa karibu mwaka mzima, na katika miaka 9 hiyo ni tofauti ya kimo na mbio. Makocha wengi huita hicho kipaji. Wako akiwa wa Desemba, mtafutie mahali ambapo atacheza dakika nyingi, hata kama ni timu dhaifu.

Na kama hapendi timu kabisa, hana kasoro. Riadha, kupanda kuta, tenisi, baiskeli, vyote vinamfaa. Baiskeli ifundishwe bila magurudumu ya pembeni, maana yanamzoeza kuegemea upande usiofaa. Toa pedali, shusha kiti mpaka nyayo zote mbili ziguse chini, umwache ajisukume kwa miguu kwenye mteremko mdogo. Akiweza kuinua miguu na kuteleza mita 10 bila kuyumba, rudisha pedali. Kofia ikae vidole viwili juu ya nyusi, na chini ya kidevu mkanda uache nafasi ya kidole kimoja tu.