Tangu Sola Ije Ofisini

Siku ofisi yetu ya Muhumba ilipofungiwa paneli za sola na betri zake, tulipiga vigelegele. Aliyefanya kazi Bukavu, mji wetu wa mashariki mwa Kongo, anatuelewa. Mto Ruzizi unatoka Ziwa Kivu hapo hapo mjini, lakini umeme wa bwawa la Ruzizi II, linalofanya kazi tangu 1989, tunagawana na Rwanda na Burundi, na ukifika kwetu unakuja kwa maringo. Kila ulipokatika, ghorofa nzima ilishuka uani kungoja mlinzi awashe jenereta. Huko watu walinyoosha miguu, wakanunua karanga, wakateta kidogo, ndipo wakapanda tena.

Sola ikayamaliza hayo. Mimi nilikuwa mhasibu, na Desemba hiyo nilikuwa nafunga hesabu za mwaka huku mfadhili akidai ripoti yake. Chai nililetewa mezani. Mihogo mezani. Hata printa nilikuwa nimeipigania mpaka ikawekwa karibu na kiwiko changu, nisipoteze muda.

Jioni moja mkurugenzi akaniita. Nikainuka, mguu wa kushoto ukakataa. Haukuuma. Niliukanyaga kama mguu wa mtu mwingine, nikadaka droo ili nisianguke, droo ikachomoka, na risiti za mafuta ya magari zikatapakaa sakafuni pamoja nami. Halafu ile ganzi ikageuka moto: kuanzia kwenye tako, nyuma ya paja, hadi kidole cha mwisho.

Akaitwa mzee mlinzi anishike mkono kwenye ngazi. Tulishuka polepole, yeye mbele, mimi nimeegemea bega lake.

“Mama kontabli,” akaniambia, “mbele umeme ilikuwa inakatika, munashuka huku munaota jua. Tangu hii sola ije, siwaone tena. Inawafunga kule juu.”

Nilicheka, na kicheko chenyewe kikauma.

Kesho yake nikaenda kwa kine, ndivyo tunavyowaita wataalamu wa mazoezi ya viungo. Kijana mdogo, mpole, mikono baridi. Alinilaza chali, akainua mguu wangu ukiwa umenyooka. Haukufika mbali nikapiga kelele. Kisha akaniambia, “Sasa kaa vile unakaaga ku kazi.” Nikakaa ukingoni mwa kiti, mgongo umepinda, shingo imetangulia kutafuta kompyuta. Aliniangalia kwa muda mrefu bila neno. Niliona haya kuliko wakati wa kuvua sketi.

Alinieleza kwamba vile vipande laini vilivyo kati ya pingili za uti wa mgongo, kwa mtu mzima, karibu havina mishipa ya damu. Chakula chake kinaingia mwili unapojongea, kwa kubanwa na kuachiliwa. Ukikaa tu, umevibana na hujaviachilia. Ndipo akanipa habari ya mabasi ya London, ambayo sikuitarajia kwenye kitanda cha kine. Mwaka 1953 daktari Jerry Morris na wenzake walitoa matokeo ya kuwalinganisha madereva, wanaoketi kutwa, na makondakta wa mabasi hayo ya ghorofa, wanaopanda na kushuka ngazi kukata tiketi. Basi lilikuwa moja, lakini maradhi ya moyo yaliwapata makondakta kidogo kuliko madereva.

“Wewe uko dereva,” akasema. “Na dereva wa basi angalau anafika mahali.”

Dawa alizoniandikia zilikuwa chache. Kompyuta ipandishwe hadi usawa wa macho; nikaipandisha juu ya majalada ya miaka iliyopita, kazi pekee yenye faida ambayo majalada yale yamewahi kufanya. Jioni, mguu ukishapata nafuu, nipande mtaa wa Kadutu kwa miguu badala ya kuita pikipiki; mwenye kuzijua ngazi za Kadutu atanionea huruma. Mazoezi ya kulala chini na kuvuta magoti kifuani yanachosha akili, nayafanya kwa kulalamika. Ila alilosisitiza zaidi lilikuwa jepesi: kila nusu saa niinuke, hata kama sina pa kwenda.

Hapo ndipo nilipokwama. Mtu aliyezama katika safu za tarakimu haikumbuki nusu saa. Mzee mlinzi alijitolea kuzima swichi kubwa mara kwa mara ili atusaidie, na nadhani hakuwa anatania. Mkurugenzi hakutaka hata kusikia.

Basi nikaomba printa ihamishwe, ikawekwe chini, kwenye kijumba cha mlinzi karibu na lango. Mkurugenzi alikubali haraka, kwa sababu yeye hachapi, anachapiwa. Mguu ulirudi taratibu, wiki kwa wiki. Lakini mwenzangu wa idara ya ununuzi, ambaye kila karatasi lazima aitoe nakala tatu, alininunia hadi Pasaka, na kila alipopita mlangoni kwangu akihema alihakikisha namsikia.